Jeli ya chunusi na wiki nne ambazo hakuna anayekuambia

SEHEMU YA 1



Wiki iliyopita niliandika kuhusu homa za watoto. Inboksi ikajaa, ila nusu ya maswali hayakuhusu homa, yalihusu uso. "Nesi, nimejifungua miezi mitano iliyopita, uso umeharibika." "Nesi, binti yangu hataki tena kwenda kwaya kwa ajili ya chunusi." "Nesi, nilipewa jeli hospitali, nimepaka siku tisa, zimezidi, nimeitupa chooni."

Hiyo ya tatu ndiyo imenikalisha chini kuandika. Siku tisa! Dada yangu, hata ulezi wa pombe hauharakishwi hivyo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyetaka aendelee na mambo yake. Jeli ya chunusi ya cheti cha daktari inafanya kazi, na mimi ni shahidi kwa uso wangu mwenyewe. Lakini mtu anayekupa jeli hiyo bila kukaa na wewe dakika tano akueleze wiki nne za kwanza zitakuwaje, na bila kukuuliza habari ya mimba, huyo hajakutibu. Amekupa tyubu tu. Na kwenye kundi hilo la wasioeleza na wasiouliza mimi naliandika jina langu, mtaona huko mbele.

Chunusi za usichana mimi sikuzipata. Nilikuwa nawashangaa wenzangu bwenini wanavyohangaika na kioo, na Mungu alikuwa ananiangalia tu. Zangu zilikuja nikiwa na miaka 29, baada ya mtoto wa pili, nikifanya kazi Iringa. Zikaanzia kidevuni zikapanda na taya. Siyo zile ndogo za kichwa cheupe. Zile za ndani, ngumu, ukigusa unasikia kama punje ya hindi chini ya ngozi, na zinauma hata ukiegemea mto.

Mama mkwe akasema ni mimba nyingine, tena ya mtoto wa kike. Haikuwa mimba. Nilikuwa nimeweka kijiti.

Hapa naomba tuelewane vizuri maana najua kuna mtu atachukua mstari mmoja akimbie nao. Kijiti ni njia nzuri ya uzazi wa mpango na wengi wanakaa nacho miaka bila tatizo la ngozi. Lakini homoni iliyomo, kwa baadhi yetu, inaongeza chunusi. Hilo limeandikwa hata kwenye maelezo yake. Ukiona hivyo usiende kukitoa halafu ukakaa hivihivi, utarudi kwetu baada ya miezi mitatu na kadi ya kliniki mkononi. Nenda ujadiliane na mtoa huduma: kubaki nacho na kutibu ngozi, au kuhamia njia nyingine siku hiyohiyo. Mimi nilibaki nacho.

Ilikuwa 2020, kipindi cha Corona. Barakoa ikawa neema yangu na balaa langu. Neema kwa sababu ilinificha. Balaa kwa sababu joto na jasho chini ya kile kitambaa viliongeza kilekile nilichokuwa nakificha. Siku moja nimeivua ninywe chai, mama mmoja kwenye benchi la kliniki ya watoto akasema, wala hakuwa na ubaya: "Nesi, kumbe na wewe? Sasa sisi mtatusaidia nini?"

Nikamaliza chai. Jioni nikaenda kununua tyubu.

SEHEMU YA 2

Hiyo tyubu niliyonunua jioni ile siitaji jina, na duka silitaji pia. Nyote mnaijua. Ni zile ambazo ndani yake kuna dawa tatu kwa mpigo: ya bakteria, ya fangasi, na steroidi. Jirani yangu ndiye aliyenielekeza. Alisema, "Ndani ya siku nne utanishukuru."

Na kweli, siku ya nne nilimshukuru. Uvimbe ulishuka, wekundu ukaondoka, uso ukawa laini kama wa mtoto wa miezi mitatu. Mimi nesi, nimesoma, nina cheti ukutani, nilijua kabisa steroidi inafanya nini. Nikajiambia nitatumia wiki moja tu.

Nilitumia miezi mitatu. Kila nikiacha siku mbili, uso unawaka moto, vinatoka vipele vingi, vidogo, vinavyofanana vyote kama vimepigwa chapa moja. Napaka tena, vinatulia. Mashavuni nikaanza kuona mishipa midogo ya damu. Malaika wakaota pembeni ya masikio. Jua la saa sita la Iringa likawa linanichoma kama nimemwagiwa maji ya moto.

Ndivyo steroidi inavyofanya usoni. Inazima uvimbe bila kugusa sababu, huku inaipunguza ngozi unene, halafu yenyewe inaleta chunusi zake. Kwa hiyo ulianza na ugonjwa mmoja, sasa una miwili, na dawa unayoiona inakusaidia ndiyo inayokufunga kamba. Kama umeitumia usoni kwa miezi, usikate peke yako halafu ukashangaa. Nenda hospitali useme ukweli wote, ikiwezekana nenda na tyubu yenyewe mkononi. Wengi mnatuficha. Mnasema "nilikuwa napaka mafuta ya kawaida," na sisi tunaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Na mkorogo ni ndugu wa hiyo tyubu. Sheria ya nchi yetu inakataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Kusimamia vipodozi ilikuwa kazi ya TFDA mpaka 2019, ilipohamia TBS. Lakini sisi wa huku tuko jirani na mpaka wa Tunduma, tunajua katazo ni kitu kimoja na kilichopo kwenye kikopo kisicho na lebo ni kitu kingine. Zebaki inaharibu figo, na kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha haishii kwake. Tulioko wodi ya wazazi tuna la kwetu pia: mama aliyejipaka steroidi mwili mzima miaka na miaka, siku ya kushonwa ngozi yake inachanika kwenye uzi. Hatumsemi mbele yake. Tunashona taratibu tu.

Kitu ambacho nimekigundua kwa kusikiliza wamama: wengi hawaendi kwenye mkorogo kutafuta weupe, wanaenda kwa sababu ya madoa. Kwa ngozi yetu nyeusi chunusi ikipona inaacha doa jeusi, na doa linakaa miezi, wakati mwingine mwaka. Chunusi yenyewe ilikaa wiki moja tu! Mtu anaangalia kioo anaona uso wa ramani, anaambiwa kuna kitu "kinatakatisha". Ungekuwa wewe? Mimi simcheki mtu. Nimefika huko.

SEHEMU YA 3

Sasa jeli yenyewe.

Nilihamishiwa Mbeya 2021, na huko ndiko hatimaye nilienda kliniki ya ngozi kama mgonjwa, nikapanga foleni kama wengine. Daktari alinitazama, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: kijiti cha nini, nywele napaka mafuta gani, hedhi inakuja vipi, nanyonyesha au la, natarajia kubeba mimba lini. Kwanza tukashughulikia ile steroidi, ilichukua muda na machozi, siyo hadithi ya leo. Baadaye akaniandikia jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1 kila usiku, na benzoili peroksaidi asubuhi.

Adapaleni iko kwenye familia ya vitamini A. Kazi yake ni kuzuia vitundu vya ngozi visizibe, maana chunusi zote zinaanza na kitundu kilichoziba, hata kama wewe unaona usaha na wekundu tu. Benzoili peroksaidi inaua bakteria wa chunusi, na uzuri wake ni kwamba bakteria hao hawajaweza kuizoea kama wanavyozoea antibiotiki. Ni dawa ya zamani, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana ukipewa jeli ya klindamaisini, ambayo ni antibiotiki, muulize daktari kama usiitumie pamoja na benzoili peroksaidi. Klindamaisini ikikaa peke yake miezi na miezi inawafundisha bakteria ujanja.

Wiki ya kwanza nilikosea. Nilipaka nyingi, nikafikiri nikipaka nyingi zitaisha haraka. Nilipaka kila chunusi tone lake kama ninatia chumvi kwenye parachichi. Siku ya tano ngozi ikaanza kubanduka kando ya pua na mdomo, ilikuwa Juni, na baridi ya Mbeya ya Juni mnaijua, upepo mkavu, midomo inapasuka hata bila dawa. Nikicheka inauma. Mwanangu akaniambia, "Mama unatoka magamba."

Nilichofundishwa baada ya kurudi kliniki nikiwa nimenuna ndicho nataka kila mmoja wenu afundishwe kabla ya kuondoka dirishani.

Kiasi ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Moja. Unagawa nukta paji la uso, mashavu na kidevu, halafu unasambaza iwe utando mwembamba kila mahali chunusi zinapopenda kutoka, siyo juu ya chunusi tu. Dawa hii inafanyia kazi chunusi ambazo bado hujaziona. Kaa mbali na macho, midomo na kona za pua.

Osha uso kwa sabuni isiyo kali, usisugue na dodoki, kausha, subiri kama dakika ishirini ngozi iwe kavu kabisa. Mimi nilikuwa naosha uso, naandaa sare za watoto, nikimaliza napaka. Ukipaka kwenye ngozi yenye maji inachoma zaidi.

Usianze kila siku. Anza usiku mmoja, ruka mbili. Ngozi ikizoea, ruka mmoja. Baada ya wiki kadhaa ndiyo uende kila usiku. Ngozi ikikauka, paka losheni nyepesi isiyo na manukato, kabla au baada. Wale wa mafuta ya mgando, kwenye kona za mdomo na pua zinazopasuka yanasaidia sana, pale pale tu, kabla ya kupaka jeli. Ila mafuta mazito ya nywele yanayoteremka mpaka kwenye paji la uso ndiyo yanazaa chunusi za nywele zinapoanzia. Unatibu uso, unapanda mbegu kichwani.

Halafu wiki ya pili mpaka ya nne: ZITAZIDI. Siyo kwa kila mtu, ila kwa wengi wetu. Zile zilizokuwa zinajipanga chini zinatoka juu kwa pamoja. Hapa ndipo dada wa siku tisa aliitupa yake chooni, na wallahi simlaumu. Hakuna aliyemwambia. Wewe umepewa dawa, zimezidi, jirani ana tyubu ya siku nne. Nani asingebadilisha?

Kuzidi kwa namna hiyo ni tofauti na mzio. Uso ukivimba, macho yakivimba, ukitoka malengelenge au ukiwashwa sana, hiyo siyo "dawa inafanya kazi", acha na urudi hospitali siku hiyo.

Wiki ya sita nikaona mpya zinapungua. Wiki ya kumi na mbili ndiyo nikaamini. Na hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya dawa hii: wiki kumi na mbili kabla ya kusema inafaa au haifai. Madoa yalichukua muda mrefu zaidi, ila nayo yakafifia, kwa sababu jeli hiihii inaharakisha ngozi kujibadilisha, na chunusi mpya zilikuwa hazijazalisha madoa mapya.

Mambo mawili ya nyumbani. La kwanza, benzoili peroksaidi inababua vitambaa. Foronya yangu ya kudarizi, ya zawadi ya harusi, ina mabaka ya rangi ya chungwa mpaka leo. Kanga ya mama mkwe pia, na hilo lilileta kikao. Tumia taulo jeupe. La pili, jua. Ngozi inakuwa nyepesi kuungua, na huku kwetu kuna baridi lakini tuko juu, jua ni kali na halijitangazi. Mafuta ya kuzuia jua ni ghali, sitajifanya sijui. Kofia ya mduara au kanga kichwani ukienda shamba inasaidia kweli. Yale mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi ni kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, wao jua linawapa saratani. Tafadhali usimwombe mtu agawe ya kwake.

SEHEMU YA 4

Hii sehemu nimeiandika mara nne nikaifuta mara tatu. Mhusika nimemwomba ruhusa, na nimebadilisha mambo madogo asijulikane.

Uso wangu ulipopona nikawa mhubiri. Kila dada mwenye chunusi namwambia jeli. Mmoja, ameolewa mwaka huohuo, alikuja na cheti chake cha adapaleni, akaniuliza inapakwaje. Nikamweleza vizuri sana. Njegere, dakika ishirini, ruka siku mbili, wiki nne za kwanza, taulo jeupe. Nilijisikia nesi bora wa Mbeya nzima.

Sikumuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.

Baada ya wiki nane hivi akanipigia usiku. Ana mimba. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba dawa za vitamini A zinaharibu mtoto tumboni, na alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kabisa kwa sababu mumewe amelala. Aliniuliza kama najua mahali pa kuitoa.

Nilikaa kitandani nikashindwa kuvaa viatu.

Sasa sikilizeni, maana hapa kuna vitu viwili ambavyo simu yake ilivichanganya. Kuna vidonge vya isotretinoini, vya kumeza, kwa chunusi kali sana. Hivyo vinaharibu mtoto tumboni vibaya mno, na mwanamke hatakiwi kubeba mimba akiwa anavitumia wala ndani ya mwezi mmoja baada ya kuacha. Havichezewi. Halafu kuna jeli ya kupaka, adapaleni au tretinoini. Inayoingia kwenye damu kupitia ngozi ni kidogo sana. Bado tunasema usitumie ukiwa na mimba au unapotafuta mimba, kwa sababu ya tahadhari, na kwa sababu chunusi siyo ugonjwa wa kuhatarishia mtoto. Lakini aliyepaka bila kujua hana sababu ya kutoa mimba. Anaacha jeli siku hiyo, anaenda kliniki, anasema alipaka nini na kwa muda gani.

Asubuhi nilimsindikiza mwenyewe. Daktari alimweleza taratibu, mara mbili, akamwonyesha mtoto kwenye ultrasaundi. Mtoto alizaliwa salama, na sasa anakimbia na kuvunja vikombe.

Kwa hiyo ninaposema dakika tano, namaanisha na hilo swali. Na ninyi msisubiri kuulizwa. Ukipewa dawa yoyote ya chunusi sema mwenyewe: "Nina mimba," "Naweza kuwa na mimba," "Natafuta," "Nanyonyesha." Hata kama mfamasia ana foleni mpaka barabarani. Kwa mjamzito kuna dawa nyingine zinazofaa, benzoili peroksaidi ikiwemo, na asidi ya azelaiki pale inapopatikana. Doksisaiklini ya kumeza, ambayo nayo huandikwa kwa chunusi, mjamzito hapewi.

Anayenyonyesha: kwa jeli ya usoni hatari ni ndogo. Usipake kifuani wala karibu na chuchu, na ukishapaka usimlaze mtoto shavu kwa shavu mpaka ikauke. Osha mikono.

Na tukiwa hapohapo kwa watoto, maana nimeulizwa na mama watatu: kichanga cha wiki mbili, tatu, nne kutoka vipele kama chunusi mashavuni ni jambo la kawaida, linaisha lenyewe. Maji safi basi. Kuna mama alimpaka mtoto jeli yake. Tafadhali. Wala steroidi, wala maziwa ya mama, wala mafuta ya bibi.

SEHEMU YA 5

Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni, ana miaka 15. Ananiita mama mdogo. Likizo ya Desemba alikuja kwangu kichwa kimeinama, anakula akiwa ameshika shavu. Alikuwa ameshajaribu dawa ya meno, limao, na mkojo wa asubuhi, alivyoambiwa na wenzake. Limao lilimwachia michirizi myeusi.

Nilimpeleka kliniki, sikumpa jeli yangu. Najua mngenipa moyo nimpe, ipo nyumbani, ni ileile. Lakini kugawana tyubu ndiko kunakofanya kila mtu apake asichoelezwa. Adapaleni inaandikwa kuanzia miaka 12, kwa hiyo alipewa yake, na maelezo yake, na akaulizwa maswali yake bila mimi chumbani. Hilo la kutoka chumbani, wamama wenzangu, lizoeeni.

Januari akarudi shule na tyubu. Wiki ya pili matroni akaichukua. Shule hairuhusu vipodozi, na matroni hakuwa mbaya, alishakamata mkorogo kwenye tyubu za kila aina. Mtoto akakaa wiki sita bila dawa, katikati ya zile wiki za kuzidi, akiitwa jina ambalo sitaliandika. Hatukujua mpaka siku ya kutembelea wanafunzi. Sasa anatembea na barua fupi ya hospitali, ina jina la dawa, muda wa kutumia na mhuri, na tyubu inakaa kwa matroni, anaifuata jioni. Kama binti yako yuko bweni, omba barua hiyo siku ileile ya kliniki. Mhuri haulipiwi.

Lakini siyo hilo lililoniamsha usiku. Likizo ya Pasaka tunachambua mboga, hajaniangalia, akaniuliza: "Mama mdogo, ni kweli zinaisha ukipata mwanaume?"

Nani amekuambia? Akataja watu watatu. Mmoja mwanafunzi mwenzake. Mmoja dereva wa bodaboda anayewabeba kwenda stendi. Mmoja ni ndugu yetu, mtu mzima, alisema kwa utani mbele ya wageni sebuleni, na watu wazima wote wakacheka. Nami nilikuwepo. Nilicheka.

Mnajua huo utani. "Huyu anataka kuolewa." "Akizaa zitaisha." Tunausema kama hali ya hewa. Lakini kwa mtoto wa miaka 15 anayechukia kioo, hiyo ni dawa, na dereva wa bodaboda ndiye mfamasia. Chunusi za umri ule zinatoka kwa sababu homoni za kubalehe zinaongeza mafuta ya ngozi. Wavulana wanazo, tena mara nyingi kali zaidi, na hakuna anayewaambia wakatafute mwanamke ili uso upone. Mimi hapa niliolewa, nimezaa wawili, na ndipo zikaanza. Nilimwambia hivyohivyo, tukiwa na majani ya maboga mapajani. Akacheka kidogo. Halafu akauliza kama kijiti changu kinauma.

Kwa huyo ndugu yetu nimeshaenda. Nilimsalimia shikamoo, nikamweleza. Amenuna, atazoea.

SEHEMU YA 6

Fupi, niko zamu ya usiku.

Mnauliza bei. Inatofautiana duka kwa duka, na jeli siyo rahisi. Mimi tyubu ya kwanza niliilipa kwa hela ya kuku niliokuwa nafuga. Lakini kwa punje ya njegere tyubu moja inakwenda mbali, na ukijumlisha ulichotumia kwa tyubu za siku nne, vikopo na sabuni za miujiza, ufanye hesabu mwenyewe. Ukikosa adapaleni, benzoili peroksaidi peke yake inawasaidia wengi wenye chunusi za kawaida. Anza na hiyo, asilimia ndogo.

Mnauliza mpaka Muhimbili? Hapana. Anza kituo chako cha afya, wakuandikie rufaa ikibidi, hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mbeya na ya mkoa kule Iringa. Madaktari na maafisa wa ngozi siyo wengi, ila wapo. Pale KCMC Moshi kuna chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wanaosoma pale wanatawanyika mikoani. Uliza siku ya kliniki ya ngozi kabla hujapanda gari kutoka Mafinga au Rungwe, msije mkakuta mlango umefungwa. Nenda mapema kama chunusi ni za ndani na zinaacha makovu ya mashimo, au kama zinaambatana na hedhi kupotea na nywele kuota kidevuni.

Dada wa siku tisa ameniandikia jana. Amepata tyubu nyingine, yuko siku ya kumi na saba, ametuma picha, zimezidi, anauliza aendelee? Nimemuuliza hedhi ya mwisho. Amejibu. Nimemwambia aendelee, aruke siku mbili, anitafute wiki ya sita.

Na picha tumeni bila filta, tafadhali, siwezi kushauri uso wenye masikio ya paka.